Kibaraza cha Mbao Butiama: Kuchagua Mbao na Kuitunza Ili Idumu

Anayetaka kujenga kibaraza cha mbao mbele ya nyumba yake Butiama, Musoma au Bunda huingia duka la mbao na swali moja: ipi ngumu? Swali hilo lina maana yake, ila kuna jingine la kulitanguliza: mbao hii italowa mara ngapi kwa mwaka, na ikishalowa itakauka kwa njia gani? Mbao ya mninga iliyolazwa juu ya udongo huharibika mapema kuliko paini iliyotiwa dawa, ikainuliwa juu ya mawe na kupitishiwa hewa chini. Jina la mti linasaidia, lakini umri wa kibaraza huamuliwa zaidi na namna kilivyojengwa na namna kinavyotunzwa. Mwongozo huu unafuata hatua za kazi yenyewe: kumjua adui, kuchagua mti, kukagua mbao dukani, kukausha, kujenga, kupaka na kutunza mwaka hadi mwaka.

Wajue adui wanne

Adui wa kwanza ni maji. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hawa hawawezi kuishi ndani ya mbao kavu. Wanahitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ya uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa. Mkoani Mara tuna misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Maana yake kibaraza chako hulowa kwa miezi mingi, kikakauka, kisha kikalowa tena. Mbao inayokauka upesi baada ya kila mvua haina shida kubwa. Inayoumia ni ile inayobaki na unyevu mahali pamoja: kwenye maungio, chini ya nguzo, na kwenye vichwa vya mbao, ambako mishipa ya mti iko wazi na maji huingia haraka kuliko kwenye uso.

Adui wa pili ni mchwa. Mchwa wa ardhini hupanda kutoka kwenye udongo kwa vijia vya udongo wanavyojenga juu ya nguzo, ukuta au jiwe. Hawapendi mwanga wala hewa kavu, kwa hiyo hujificha. Ukiona kumbikumbi wakiruka mvua za kwanza zinapoanza, jua kwamba kuna kichuguu hai jirani, na ukikuta mabawa yao yamemwagika chini ya kibaraza, anza kukagua siku hiyohiyo.

Wa tatu ni jua. Butiama iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, na iko juu kuliko Ziwa Victoria ambalo lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa linapiga karibu wima mwaka mzima. Mionzi yake huvunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, uso wa mbao hugeuka kijivu, hukwaruza na kupasuka nyufa ndogo. Nyufa hizo ndizo mlango wa maji katika mvua inayofuata.

Wa nne ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao na kuacha matundu madogo na unga mwembamba. Wanapenda hasa sehemu nyeupe ya mti iliyo karibu na gome, kwa sababu ina wanga.

Miti unayoweza kuipata na tabia zake

Kabla ya kutaja mti mmojammoja, shika jambo hili: katika mti wowote, sehemu ya nje iliyo nyeupe haina kinga ya asili. Kinga iko kwenye kiini, sehemu ya ndani ambayo kwa miti mingi ina rangi nzito zaidi. Ukiuziwa ubao wa mninga ambao nusu yake ni nyeupe, umenunua nusu ubao wa kutumika nje.

*Paini.* Hii ndiyo mbao inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Nyingi hutoka mashamba ya misitu ya serikali na ya watu binafsi, likiwemo Sao Hill la Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko yote nchini, na hapa Kanda ya Ziwa kuna mashamba ya Buhindi huko Sengerema na Rubya huko Ukerewe. Paini ni nyepesi, inakatika na kupigiliwa kwa urahisi, lakini kinga yake dhidi ya kuoza na mchwa ni ndogo sana. Ikiwa haijatiwa dawa, usiitumie nje bila paa. Uzuri wake ni kwamba inanyonya dawa vizuri kuliko mbao nyingi ngumu, na ikitiwa dawa kiwandani inavyopaswa hukaa miaka mingi.

*Mkaratusi.* Ni mgumu, una nguvu na unapandwa sana mashambani kwetu. Tatizo lake ni kujipinda na kupasuka wakati wa kukauka, kwa sababu mti huu hukua ukiwa na mkazo ndani yake. Unafaa kwa nguzo na mihimili kuliko sakafu. Ukiutaka kwa sakafu, nunua uliokwisha kukaushwa na kunyooka. Usinunue mbichi kwa matumaini kwamba utanyooka baada ya kupigiliwa. Nguzo za umeme unazoziona barabarani nyingi ni mikaratusi iliyosukumiwa dawa, na nguzo za namna hiyo zinafaa sana kubeba kibaraza.

*Mgrevilea.* Unaonekana pembezoni mwa mashamba mengi na mbao yake ina michoro ya kupendeza. Itumie kwa samani za ndani na dari. Nje, mahali pa mvua, haidumu.

*Mtiki.* Huu ndio mti ambao dunia nzima huuchagua kwa sakafu za meli na vibaraza, kwa sababu kiini chake kina mafuta ya asili, kinahimili maji na hakitanuki wala kunywea sana. Tanzania inaupanda: kuna mashamba ya serikali ya Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro, pamoja na mashamba ya kampuni katika bonde la Kilombero. Ukipata mbao ya mtiki Mwanza au Musoma, angalia umri wa mti. Mitiki midogo inayopunguzwa shambani ili mingine inenepe ina sehemu nyeupe kubwa na kiini chembamba. Mtiki huo mchanga haudumu kama unavyosifiwa mtiki uliokomaa.

*Mninga, mkongo na mvule.* Hii ni miti ya asili yenye viini vinavyodumu. Mninga unasifika kwa kutulia: ukishakauka haupindi ovyo. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, na unafaa mahali panapokanyagwa sana. Mvule unahimili maji na mchwa, ila vumbi lake huwasha macho na kifua, hivyo fundi anayeupiga randa lazima avae barakoa. Miti hii inahitaji miongo mingi kukomaa na imepungua sana. Ninakusihi uitumie kwa kiasi: kwa ngazi, kwa ubao wa ukingoni unaopigwa na mvua zaidi, au kwa mkono wa kushikia. Sakafu nzima ya mninga ni anasa inayolipwa na msitu, na kazi hiyo paini yenye dawa au mtiki wa shamba inaiweza.

Hati na risiti

Misitu yetu inasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na msimamizi wake upande wa serikali kuu ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mbao halali husafiri na hati yake ya kusafirishia mazao ya misitu. Mwombe mwenye duka akuonyeshe hati za mzigo aliopokea, na wewe uondoke na risiti ya EFD inayotaja aina ya mbao, vipimo na idadi. Risiti hiyo ndiyo kinga yako ukisimamishwa njiani kati ya Musoma na Butiama ukiwa na mzigo kwenye Canter, na ndiyo ushahidi wako ukigundua kwamba mbao uliyouziwa kama mkongo siyo mkongo.

Kama una mninga au mvule kwenye shamba lako mwenyewe, usidhani kwamba kumiliki shamba kunatosha. Nenda kwanza kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa misitu wa wilaya, uulize kuhusu kibali kabla shoka halijagusa shina. Na kwa aliye karibu na mpaka wa Sirari: mwezi Novemba 2022, mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, uliofanyika Panama, uliingiza jamii za mninga, mkongo na mkangazi za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali maalumu. Kuvusha mbao hizo kwenda au kutoka Kenya bila vibali ni kosa, hata kama ni chache za kumalizia ngazi.

Ukifika dukani

Nenda asubuhi, wakati kuna mwanga wa kutosha, na usikubali mzigo uliokwisha kufungwa. Chagua ubao mmojammoja.

Inua ubao, uweke jicho kwenye kichwa kimoja na utazame hadi mwisho. Ukipinda kidogo kwa urefu, fundi anaweza kuuvuta ukanyooka. Ukiwa umejisokota, kichwa kimoja kikielekea huku na kingine kule, uache.

Angalia vifundo. Kifundo kidogo kilichoshikana na mbao hakina neno. Kifundo cheusi kinachotikisika kitadondoka na kuacha tundu la kunasa maji. Kifundo kikubwa kilicho pembeni kabisa mwa ubao huukata nguvu. Ubao huo usibebe watu.

Tazama kichwa cha ubao. Ukiona duara dogo la kitovu cha mti katikati, jua ubao huo utapasuka ukikauka. Ukiona miviringo ya umri imelala kama upinde mpana, ubao utajikunja kuwa kama kihori. Ukipata ubao ambao miviringo yake imesimama karibu wima, uchukue haraka. Huo ndio unaotulia kuliko wote.

Madoa ya buluu kwenye paini ni kuvu wa rangi tu, hayapunguzi nguvu. Lakini yanaonyesha kwamba mbao ilikaa na unyevu muda mrefu, kwa hiyo chunguza zaidi. Chomeka ncha ya kisu: ikizama kwa urahisi na mbao ikakatika vipandevipande badala ya kuchanika kwa nyuzi, kuoza kumekwisha kuanza. Matundu yenye unga mpya yanaonyesha bungua hai.

Pima. Ubao unaoitwa 2x4 mara nyingi haufiki inchi 2 kwa 4, na hitilafu ya nusu inchi hubadilisha hesabu yote ya sakafu. Chukua futi kamba, upime unene, upana na urefu wa mbao kadhaa kutoka sehemu tofauti za rundo.

Dawa: namna ya kutambua iliyoingia

Kuna tofauti kubwa kati ya mbao iliyopakwa dawa kwa brashi na mbao iliyosukumiwa dawa kwa mgandamizo ndani ya tangi la kiwandani. Ya kwanza ina kinga ya uso tu. Mkwaruzo mmoja unaiondoa. Ya pili ina dawa iliyozama ndani. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja, sentimita 30 hivi kutoka kichwani, kisha utazame mahali palipokatwa. Kwenye paini nzuri rangi ya kijani itakuwa imeingia sehemu nyeupe yote. Ukiona ukanda mwembamba wa kijani pembeni na katikati peupe, dawa haikuingia.

Dawa ya kijani inayotumika sana kwenye nguzo na mbao imetengenezwa kwa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Marekani, viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Nguzo, mihimili na boriti zilizoko chini ya sakafu zinaweza kuwa za dawa hiyo bila wasiwasi mkubwa, kwa kuwa hakuna anayezigusa kila siku. Kwa mahali ambapo watoto watakaa peku na kula, chagua mbao ya kiini kinachodumu, au paini iliyotiwa dawa nyingine isiyo na aseniki, au angalau uipake mafuta kila mwaka. Vipande vilivyobaki usivitumie kuni hata siku moja: moshi wake na majivu yake vina sumu. Fundi avae barakoa anapokata, na unga wa msumeno ukusanywe, usiachiwe kuku.

Kila mahali unapokata ubao wenye dawa, umefungua njia mpya. Paka dawa ya mbao kwenye mkato huo kabla ya kuufunga, mara mbili au tatu, uachie unywe.

Dawa za boroni, zile zinazotengenezwa kwa boraksi, ni salama zaidi kwa watu na zinaua wadudu vizuri. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka na kuondoka na mvua. Zitumie kwa kibaraza kilicho chini ya paa, siyo kilicho wazi.

Na oili chafu? Wengi wetu tumeiona ikipakwa kwenye nguzo na kenchi, kwa sababu inapatikana bure gereji. Usiipake kibarazani. Ina metali na mabaki ya injini yanayodhuru ngozi, inachafua nguo, inateremka kwenye udongo na hatimaye kwenye visima, na haizami ndani kiasi cha kuzuia mchwa kwa muda mrefu.

Kausha kabla ya kujenga

Mbao nyingi zinazouzwa kwetu bado zina unyevu mwingi. Ukizijenga zikiwa mbichi, zitakaukia mahali pake, zitanywea na kuachia skrubu. Ubao wa paini wenye upana wa inchi 6 unaweza kupungua milimita 5 hadi 8 ukikauka.

Zipange juu ya matofali, sentimita 30 kutoka ardhini, kwenye kivuli penye upepo. Kati ya tabaka na tabaka weka vipande vya mbao vya inchi 1 kila baada ya sentimita 60, vyote vikiwa vimesimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu, ili mbao zisipinde. Funika juu kwa bati, uache pembeni wazi. Paka rangi au nta kwenye vichwa vya mbao, visikauke haraka na kupasuka. Paini ya inchi 1 itahitaji wiki kadhaa hadi miezi mitatu; ya inchi 2 itahitaji zaidi, na mbao ngumu zaidi ya hapo. Wakati bora wa kuanza ni Juni, masika yakishapita. Kufikia mwishoni mwa Agosti utakuwa na mbao za inchi 1 za kufanyia kazi.

Ili kujua kama zimekauka, kata kipande kidogo katikati ya ubao, ukipime kwenye mizani ya jikoni, kisha ukiweke kwenye oveni yenye moto mdogo au juani juu ya bati mpaka uzito uache kupungua. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, ugawe kwa uzito wa mwisho, uzidishe kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 590 kikabaki gramu 500 kilikuwa na unyevu wa asilimia 18. Jua pekee haliondoi maji yote, kwa hiyo ukitumia njia ya juani ongeza asilimia kadhaa kwenye jibu lako. Lenga asilimia 15 hadi 18 kabla ya kujenga.

Kujenga: hapa ndipo umri unapoamuliwa

Anza kwa kupanga vipimo kulingana na mbao. Mbao nyingi huuzwa kwa futi 12, yaani mita 3.66. Kibaraza cha urefu wa mita 4 kitakulazimisha kuunga kila ubao. Cha mita 3.6 hakina kiungo hata kimoja. Chukua mfano wa kibaraza cha mita 3.6 sambamba na nyumba na mita 3 kwenda mbele. Kwa mbao za 2x4 zilizolazwa, zenye upana kamili wa sentimita 10 na nafasi ya milimita 5 kati yake, utahitaji mbao 29. Nunua 32 ili upate za akiba. Chini yake weka boriti 7 za 2x6, kila baada ya sentimita 60. Boriti zikalie mihimili mitatu, kila mhimili ukiwa 2x6 mbili zilizofungwa pamoja. Kila mhimili ubebwe na nguzo 4, kila baada ya mita 1.2. Jumla ni 2x6 kumi na tatu na nguzo 12. Ukitumia mbao za sakafu za inchi 1, sogeza boriti ziwe kila baada ya sentimita 40, uongeze idadi yake.

Sasa inua. Butiama tumejaliwa mawe ya matale, yaliyotapakaa kuanzia eneo la Mwitongo hadi vilima vya jirani. Jiwe la namna hiyo, au kitalu cha zege, liwe chini ya kila nguzo, uso wake ukiwa sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi. Usizike nguzo ya mbao ardhini na usiizungushie zege. Zege hushika maji kandokando ya nguzo na kuiozesha penye usawa wa ardhi. Ifunge juu ya jiwe kwa chuma chenye umbo la U. Kati ya jiwe na mbao weka kipande cha bati kilichopindwa pembeni kuelekea chini, kizidi jiwe kwa sentimita 5 kila upande. Bati hilo halimuui mchwa, ila linamlazimisha kujenga kijia chake mahali unapoweza kukiona.

Acha nafasi ya sentimita 45 kati ya ardhi na sakafu, ili hewa ipite na wewe uweze kuinama na kutazama. Ondoa majani na mizizi chini, sawazisha ardhi iteremke kutoka nyumbani, umwage changarawe. Usigeuze nafasi hiyo kuwa stoo ya kuni.

Kibaraza kisishikamane na ukuta. Acha sentimita 2, maji yapite na mchwa asipate daraja la kuingia nyumbani. Sakafu iteremke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea nje. Kati ya mbao na mbao acha milimita 5. Msumari wa inchi 5 ni kipimo kizuri cha kuweka katikati unapopanga. Kama mbao bado zina unyevu kidogo, punguza nafasi hiyo, kwa kuwa itaongezeka zenyewe.

Tumia skrubu, siyo misumari, kwenye sakafu. Msumari hupanda juu kila mbao inapolowa na kukauka, na utakuja kumkata mtoto mguu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizochovywa zinki. Shaba iliyomo kwenye dawa ya kijani hula chuma cha kawaida, na kwenye mkaratusi na mbao nyingine zenye asidi chuma huacha madoa meusi. Toboa tundu kwanza, hasa karibu na vichwa vya mbao. Juu ya kila boriti tandika ukanda wa nailoni nzito ya msingi, upana wake uzidi boriti kidogo, ili maji yanayopenya kati ya mbao yasikae kwenye matundu ya skrubu.

Kupaka

Kabla ya kufunga ubao, upake pande zote nne na vichwa vyote viwili. Upande wa chini ukishafungwa huwezi kuufikia tena.

Vanishi inayong'aa inapendeza siku ya kwanza. Kwenye sakafu iliyo juani hupasuka, maji hupita chini yake, ikaanza kubanduka kama ngozi, na kuirekebisha ni kuikwangua yote. Kwa sakafu ya nje tumia mafuta ya mbao yanayozama, yenye rangi kidogo ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo inayozuia mionzi ya jua. Mafuta ya kitani yanafaa pia, ila yakiwa matupu huota ukungu mweusi mahali penye unyevu, hivyo nunua yale yaliyochanganywa na dawa ya ukungu.

Paka siku kavu, asubuhi au jioni, siyo mchana jua likiwa kali. Paka kidogo, uachie dakika 15 hadi 20, kisha ufute kila kilichobaki juu kwa kitambaa. Mafuta yanayobaki juu hunata na kukusanya vumbi. Vichwa vya mbao vipakwe mara tatu. Vitambaa vilivyoshika mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa pembeni: vikirundikwa hujipasha joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke kabisa, au uvitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kalenda ya matunzo

*Februari, kabla ya masika.* Ingia chini ya kibaraza na tochi. Tafuta vijia vya udongo kwenye kila jiwe na nguzo. Ukikuta kijia, kivunje. Kikijengwa tena ndani ya siku chache, mchwa yupo, muite mtaalamu wa dawa. Kaza skrubu. Safisha nafasi kati ya mbao kwa kipande cha bati, majani yasibaki humo.

*Machi hadi Mei.* Fagia kila siku. Sogeza vyungu vya maua, au uvipandishe kwenye miguu midogo, kwa kuwa chini ya chungu hapakauki. Mkeka na zulia vianuliwe kila jioni.

*Juni na Julai.* Osha. Maji, sabuni ya unga na brashi ngumu ya nyuzi, ukisugua kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, vinatosha. Usitumie waya wa chuma. Chembe zake hubaki na kuacha madoa meusi. Usitumie dawa ya klorini kali, inachosha nyuzi. Acha ikauke siku kadhaa, piga msasa mahali palipokwaruza, kisha umwagie matone ya maji. Yakisimama juu kama shanga, mafuta bado yapo. Yakinywewa ndani ya dakika chache, paka upya. Kibaraza kilicho juani kitahitaji kupakwa kila mwaka. Kilicho chini ya paa, kila baada ya miaka miwili.

*Septemba, kabla ya vuli.* Rudia ukaguzi wa Februari. Chomeka bisibisi kwenye chini ya nguzo, kwenye maungio na kwenye vichwa vya mbao. Inapozama bila kipingamizi, ubao huo umekwisha. Ubadilishe mara moja, kwa kuwa unyevu wake huhamia kwenye boriti iliyo chini. Hiyo ndiyo kazi ya zile mbao tatu za akiba.

Siku zote, jiko la mkaa likalie bati nene lililoinuliwa juu ya matofali, siyo sakafu yenyewe. Na maji ya kufulia yamwagwe uani.

Fedha ikiwa haba

Wengi hatuwezi kununua kila kitu kilicho bora kwa mara moja, kwa hiyo panga matumizi kwa mtiririko huu. Kwanza lipia nguzo na mihimili yenye dawa ya kiwandani, pamoja na mawe na vyuma vya kuifunga, kwa sababu kubadilisha vya chini ni kubomoa vyote. Pili lipia skrubu nzuri. Tatu, paa: hata bati chache zinazofunika kibaraza huongeza miaka kuliko mti wowote wa thamani utakaoununua. Sakafu yenyewe iwe ya mwisho. Anza na paini yenye dawa, ikaushe, ipake, uikague mara mbili kwa mwaka, na ubao mmojammoja ukichoka uubadilishe na wa mtiki kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa mpango huo utakuwa na kibaraza mwaka huu, chenye msingi unaoweza kubeba sakafu iliyo bora zaidi miaka ijayo, bila kuangusha mninga hata mmoja.